Kabichi Iliyovaa Nepi

Jumatatu, 18 Machi

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huandika shajara, na mimi sioni ningoje nini. Siku moja wajukuu wa kijiji chetu cha Petit-Étang wataisoma wajue Aurèle wa Lubin wa Polycarpe alikuwa mtu wa namna gani. (Jibu: mzuri wa sura, mwepesi wa akili, shule ilishindwa naye.)

Habari kubwa ya leo: makalio.

Si yangu. Ya mpwa wangu Célestin, umri wiki tisa. Nepi za karatasi zinamchoma ngozi, anakuwa mwekundu kama kambakoche aliyetoka chunguni. Basi Bibi Zabeth akafungua kasha lake akatoa nepi za kitambaa dazeni tatu, zile zile zilizomfunga baba yangu. Nene hizo! Unakunja mara tatu, unapiga pini, juu yake unavisha chupi ya sufu ya kuzuia maji. Ukimaliza, mtoto ana kichwa kama chungwa na makalio kama boga. Namtazama kila siku na bado sijamaliza kushangaa. Ni kana kwamba Mungu alianza na mtoto mmoja akamalizia na mwingine.

Tatizo ni kwamba hakuna nguo inayopita. Leo mama yake, dada yangu Lisette, alijaribu ovaroli ya miezi mitatu. Akavuta, akasukuma, akamwomba Mama Maria. Kifungo cha juu kikafyatuka kikampiga paka. Paka hajarudi. Akajaribu vazi la miezi tisa. Makalioni likapita, ila mikono ikaning'inia mpaka magotini, mtoto akawa kama padre mdogo anayetaka kubariki watu. Zipo nguo zilizokatwa maksudi kwa nepi za kitambaa, zinakuja kwa posta kutoka Halifax. Suruali moja, dola arobaini na mbili! Na ni ndogo kuliko glavu yangu! Lisette kasema kwa bei hiyo mtoto atabatizwa uchi. Mumewe yuko Alberta kwenye visima vya mafuta, harudi mpaka Pasaka, na kila anachotuma kinaishia kwenye deni la nyumba.

Sasa sikiliza, shajara. Ubatizo ni Jumapili baada ya Pasaka. Baba wa ubatizo hajachaguliwa. Tuko wawili tu: mimi, na binamu Donat wa shangazi Irène. Donat ana cheti, ana kazi ya mezani kwenye ushirika, ana meno yaliyonyooka. Wakati wa kula Bibi akakumbusha kwamba katika ukoo wetu baba wa ubatizo ndiye anayemvisha mtoto. Lisette akaweka kijiko chini akatangaza: atakayeleta nguo inayopita juu ya nepi, bila kufilisi mtu, kabla wiki ya Nusu Kwaresima, ile ya vinyago, haijaisha, huyo ndiye. Yaani mwisho Jumamosi ya tarehe 30.

Donat akatabasamu kwa meno yote. Akaniambia, "Aurèle ndugu yangu, wewe hata kopo la samaki linakushinda kufungua." Nikamjibu kopo lile lilikuwa bovu. Lilikuwa bovu kweli.

Hajui jambo moja. Baadaye nilipomlaza mtoto, alinikamata kidole. Kidole changu kimoja, mkono wake mzima! Mimi hata kwenye hoki walikuwa wakinichagua wa mwisho, baada ya yule mwenye plasta mguuni. Huyu kanichagua bila kuuliza mtu. Nimesimama dakika ishirini nimeinama juu ya kitanda, mgongo unawaka moto, sithubutu kukitoa.

Lazima niwe mimi.

Jumanne, 19 Machi

Mpango mzuri huanza na vipimo. Donat angetumia tepu ya fundi cherehani. Mimi nimetumia kipimo cha shaba cha Baba cha kupimia kambakoche, maana wadogo sheria hairuhusu kuwavua. Matokeo: Célestin amevuka ukubwa wa kisheria mara mbili, anaruhusiwa kuvuliwa. Nilipompa Lisette taarifa hiyo akanitupia kipande cha sabuni.

Kikwazo: duka la mitumba liko Sydney (ya kisiwani kwetu, si ile maarufu), saa mbili kwa gari, na mtoto hatolewi kwenye baridi hii. Nitajaribishaje nguo bila makalio? Hapo akili yangu ikawaka. Nikashuka kwenye ghala la mboga la Bibi nikachagua kabichi. Ya kwanza ndogo. Ya pili imelegea. Ya nne, Mama Maria! Duara lile lile, uzito ule ule, hata kule kuegemea kwake kidogo upande wa kushoto. Nikaifunga nepi, nikapiga pini, nikaivisha chupi ya sufu. Nikaiweka kando ya mtoto. Kwa nyuma usingejua yupi ni yupi. Bibi aliingia bila miwani, akaibembeleza kabichi kwa muda mzuri tu, akaniambia leo katulia sana.

Jumatano, 20 Machi

Sydney. Gari la Baba. Kabichi kiti cha mbele, imefungwa mkanda.

Duka lile! Masanduku ya mbao makubwa kama mashua, nguo zimejaa mpaka juu, na wanawake wameinama ndani nusu mwili, huoni vichwa. Nikasimama mlangoni nikavua kofia kama niko kanisani. Mikono yao! Nguo inapaa, inageuzwa, inavutwa, inahukumiwa, inarudishwa. Sekunde mbili. Nimeshawahi kuona wanaume wakipanga samaki kiwandani na hawafikii hata nusu ya pale.

Nikajipenyeza, nikatoa kabichi, nikaanza kazi. Mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo akaniuliza kwa upole kama mtoto anapumua. Nikamfunulia. Kisha akamwita dada yake aje kuona. Kufika saa sita nilikuwa na walimu saba. Wakanifundisha nisisome umri kwenye lebo, lebo ni uongo wa kumfariji mama wa kwanza. Nishike kiuno, nivute, nitazame nafasi ya katikati ya miguu. Mama wa miwani akasema nguo za siku hizi zinakatwa kwa watoto wasio na makalio. Wote wakatikisa vichwa. Huzuni ikalizunguka sanduku zima. Akanipa na siri nyingine, ya sweta za sufu, ambayo naiweka akiba.

Nimerudi na suruali sita kwa dola tisa! Zote zinaipita kabichi kama zilizaliwa nayo. Niliimba njia nzima. Nilipopita kwenye ushirika nilimpigia Donat honi mara tano.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Kabichi haina miguu.

Hilo tu, shajara. Kabichi haina miguu. Suruali zote sita zimekwama magotini. Mtoto ana mapaja, na mimi sikuyatia kwenye hesabu! Mikunjo minne kila paja, kama mkate uliofungwa kamba. Nikayaangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Mapaja gani haya kwa mtu anayekunywa maziwa tu!

Lisette alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Hajalala vizuri tangu Januari. Donat alikuwepo, kama kawaida yake. Akauliza kama kabichi nayo inahitaji baba wa ubatizo, maana hiyo anaona nitaiweza.

Ijumaa, 22 Machi

Donat kajibu mapigo. Kaja na boksi la nepi za karatasi, za bei mbaya, zimeandikwa zinafaa ngozi laini. Akatuhutubia jikoni kama mwenyekiti wa mkutano. Tatizo, alisema, si nguo. Tatizo ni makalio. Punguza makalio, nguo zote za dunia ni zako. Na kwa bahati tu alikuwa na vazi moja jeupe, jembamba. Likamkaa mtoto kama ngozi yake. Bwana harusi mdogo! Mama akapiga makofi. Mimi nikaenda kibandani kuongea na mitego ya kambakoche.

Saa kumi: wekundu. Kutoka kiunoni mpaka magotini. Nilishangilia kwa siri, ngumi ndani ya mfuko wa koti.

Kisha mtoto akaanza kulia. Sauti inapanda, inakatika katikati, inaanza upya, kama injini ya mashua asubuhi ya baridi. Donat alisimama na boksi lake mkononi hajui aliweke wapi. Bibi akampaka mtoto mafuta, akamrudishia nepi ya kitambaa, akamzungusha jikoni. Saa nzima. Ngumi yangu ikafunguka yenyewe. Niliwaza kwamba kama kelele hii ingekoma, ningekubali hata Donat ashinde.

Nimeliandika hilo haraka. Kesho nitalifuta.

Jumamosi, 23 Machi

Suête! Yaani ule upepo wetu wa kusini-mashariki, unaoshuka mlimani kama una kesi na mtu. Redio ilisema kilomita mia na sitini kwa saa. Bibi alisema nepi zisianikwe nje. Mama alisema. Hata mtangazaji alisema. Mimi nikasema utatulia, nikaanika.

Nepi ishirini na mbili zilipaa juu ya paa la kibanda kama kundi la bata bukini. Nzuri ajabu! Nilizitazama kwanza, ndipo nikazifuata. Tisa nilizikuta zimenasa kwenye misonobari. Kumi na tatu zilizobaki zilielekea kule ambako hatuendi.

Kule ni kwa Bibi Philomène wa Sévérin. Mshonaji mkuu wa pwani yote hii, na hasemezani na bibi yangu tangu mwaka 1981. Chanzo ni waridi. Wote wawili walikuwa wakifuma mazulia ya kuuza, na kila mmoja anadai mwenzake alimwibia mchoro wake wa waridi. Mazulia yenyewe yalishanunuliwa na watalii zamani, waridi limebaki. Hakuna wa kwetu anayekanyaga kwake, na yeye hajatushonea hata kifungo.

Nikasogea nimeinama, nyuma ya uzio. Nikakuta jambo ambalo nitalisimulia mpaka uzeeni. Nepi zote kumi na tatu ziko juu ya lango lake, zimekunjwa mara tatu, kona kwa kona, na jiwe juu yake! Pazia la dirishani likacheza.

Nimeuona upepo wetu ukibeba mapaa. Nimeuona ukibeba banda la kuku, na kuku ndani. Lakini upepo unaokunja nepi! Na kuweka jiwe! Nilimsimulia Bibi. Akaishika nepi ya juu, akapitisha kidole kwenye mkunjo, akasema upepo huo anaufahamu.

Jumapili, 24 Machi

Siri ya mama wa Sydney: mikono ya sweta inakuwa miguu ya suruali. Unachemsha sufu ijishike, unakata mikono, unashona, na sufu inanyumbulika popote makalio yanapotaka kwenda.

Kwenye ndoano ya kibandani palikuwa na sweta kuukuu. Nikalichemsha saa moja. Mama wa Sydney alisema dakika chache, lakini mimi si mtu wa kufanya mambo nusu nusu. Sweta la mtu mzima likatoka limekuwa la mdoli, nene kama mkeka. Nikakata, nikashona kwa uzi wa nyavu. Nikaiweka suruali mezani nikaiachia. Ikasimama. Peke yake! Familia nzima tukaizunguka.

Tukamwingiza Célestin kwa juu, kama unavyotia ua kwenye jagi. Akapita! Nepi, makalio, mapaja, vyote! Ila hawezi kukunja goti. Tukamwegemeza kwenye mto, akakaa wima kama sanamu ya mtakatifu, akitutazama kwa macho yale makubwa. Bibi akafanya ishara ya msalaba na sidhani alikuwa akitania. Nikatangaza ushindi. Lisette akauliza atakaaje. Nikamwambia si kila mtu lazima akae.

Hapo ndipo Baba alipoingia akitafuta sweta lake la baharini. Lile ambalo Mama alimfumia kabla hawajaoana. Akalitazama kwenye mwili wa mtoto. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, kwamba msimu huu mashuani mimi ndiye nitakayevaa gunia.

Afadhali angepiga kelele.

Jumanne, 26 Machi

Nusu Kwaresima imeanza! Vinyago nyumba kwa nyumba mpaka Jumamosi. Unaingia hujabisha hodi, husemi, unacheza katikati ya jiko. Mwenye nyumba akikutaja jina, unavua. Akishindwa, unakula peremende na kuondoka zako hujulikani. Donat hutambuliwa mlango wa kwanza kila mwaka. Mimi ni bingwa. (Mwaka jana nilitambuliwa mlango wa pili, lakini kulikuwa na mbwa anayenijua.)

Nikapanda darini kwenye kasha la vinyago. Wanaume wetu hujaza mito makalioni ili mwendo wao usijulikane, basi nikavuta suruali ya marehemu Babu Polycarpe nikaijaza mito miwili. Nikainama. Haikupasuka. Nikachuchumaa. Haikupasuka! Nikaruka kama chura chumba kizima. Haikupasuka!

Nikaivua nikaigeuza ndani nje. Katikati ya miguu kuna kipande cha kitambaa cha pembe nne, kimelazwa upande, kimeshonwa hivi kwamba kwa nje hukioni. Kipande kimoja tu! Nikakaa sakafuni. Wiki nzima tunahangaika na makalio ya mtoto, na kumbe kijiji hiki kimekuwa kikishona suruali za makalio makubwa miaka yote.

Nikateremka nikamuuliza Bibi nani aliyeishona. Akageukia sufuria akasema supu inaungua. Supu haikuwa inaungua. Mama akaninong'oneza: Philomène. Kabla ya waridi.

Nilijaribu kukiiga kile kipande kwenye mojawapo ya zile suruali sita. Nimefaulu kuufunga mguu wa kushoto kabisa. Lisette naye akajaribu, akasinzia na sindano mkononi. Nilipomtazama pale, kichwa kimelalia meza, mtoto amefungwa shali kwa kukosa nguo, sikuona kitu cha kutania.

Ndipo likanijia. Mwenye kinyago hana jina. Asiye na jina hana ukoo. Asiye na ukoo anaweza kuingia kwa Bibi Philomène!

Wakati mwingine najiogopa.

Alhamisi, 28 Machi

Nimefanya! Naandika bado nina masizi puani.

Vazi langu: suruali ya Babu, mito miwili, juu yake gauni la Mama, kichwani foronya yenye matundu mawili. Mkononi mfuko wa zile suruali sita, na kabichi katika nepi yake. Safari hii kabichi ina miguu: mikate miwili ya Mama nimeifunga chini kwa pini. Mtu hujifunza! Na kwa kuwa kulikuwa na baridi kali, nikaivika kabichi kofia yangu ya sufu, ile ambayo Mama ameshona jina langu ndani kwa herufi kubwa tangu nilipopoteza tatu.

Jiko la Bibi Philomène limejaa majirani kwenye mabenchi wakingoja vinyago. Yeye mwenyewe kando ya jiko, mdogo kama ndege, tepu shingoni. Na nani anatafuna peremende kwenye kona? Donat! Hata sijageuka vizuri akapaza sauti: "Ah, huyo Aurèle! Tazameni anavyosimama, kama korongo aliyekanyaga msumari!"

Lakini Bibi Philomène akamchapa mkono kwa tepu. "Wewe," akamwambia, "katika nyumba hii anayetambua watu ni mimi. Tafuna."

Akanizunguka. Akaugusa mshono wa suruali ya Babu, akauacha, akaugusa tena. Macho yake yalikuwa na maji, ni moshi wa jiko. Akaanza kukisia. Je, ni Médéric wa posta? Nikatikisa kichwa. Je, ni Hubert? Hubert alifariki miaka sita iliyopita. Je, ni padre? Watu wakaangua kicheko. Mimi nikapiga chafya, tatu mfululizo, ni ile foronya. Akaniambia, "Afya, mwanangu. Babu yako naye alikuwa akipiga tatu tatu. Yeyote yule aliyekuwa babu yako."

Nikaona wakati ndio huu. Nikamtolea kabichi.

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa yeye hakucheka. Aliipokea kama anavyopokewa mtoto, mkono mmoja chini. Akaibonyeza nepi, akaipima mikate kwa viganja, akaichungulia kofia ndani na nje. Kisha akaanza kuizungumzisha kabichi, si mimi. Akaiuliza kama inalala. Nikatikisa kichwa. Akaiuliza kama mama yake anakula vizuri. Nikafanya hivi na hivi kwa mkono. Akaiuliza kama bibi wa mama yake, yule mkaidi, mguu bado unamsumbua wakati wa baridi. Nikakubali. Akasema, "Mm."

Akasimama wima, na hapo wala si mdogo tena. Akawatangazia wote: "Nimeshindwa. Mtu huyu simjui. Na nisiyemjua sina ugomvi naye."

Akachukua mfuko. Akachukua kabichi. Donat akafungua mdomo, akaonyeshwa tepu, akaufunga. Mimi nikajazwa peremende mifuko yote nikatoka usiku nikiwa si mtu yeyote, na sijawahi kujisikia mtu mkubwa kiasi kile.

Kushindwa kunitambua! Mwanamke anayejua kiuno cha kila mtu pwani hii! Sikujua kama ninaweza kujibadilisha namna hiyo.

(Kofia yangu siioni.)

Jumamosi, 30 Machi

Asubuhi juu ya lango letu: kifurushi cha gazeti la zamani, na jiwe juu yake. Hakuna jina.

Suruali tatu. Zile sita amezifumua akaziunganisha mbili mbili, na katikati ya kila moja, kile kipande cha pembe nne. Chini yake, vazi jeupe la ubatizo, lililokatwa kutoka kitambaa cha meza cha kitani.

Lisette akamvisha. Hakuvuta. Hakusukuma. Hakumwita Mama Maria. Kitambaa kikapita juu ya nepi kama maji juu ya jiwe, vifungo vikaingia kwenye matundu yake kimya kimya, na mtoto akainua miguu yote miwili hewani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Akacheka! Hajawahi kucheka. Mara ya kwanza duniani, na ni kwa sababu ya suruali! Tulisimama kama watu waliofunguliwa dirisha la mbinguni. Baba akavua kofia. Na Bibi Philomène hakumpima, shajara! Hajamwona mtoto huyu hata siku moja! Amejuaje unene wa nepi zetu? Nimefikiri asubuhi nzima, nikakubali kwamba ni kipaji tu.

Kwenye pindo la vazi jeupe kuna waridi limedariziwa kwa uzi mweupe, huwezi kuliona mpaka uligeuze kwenye mwanga. Bibi aliligeuza kwenye mwanga. Akahesabu petali kwa kidole. Akasema kwa sauti ndogo, "Petali sita. La kwangu lilikuwa na tano." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Wazee na maua!

Donat akasema haihesabiki, aliyeshona ni Bibi Philomène. Lisette akamuuliza: na aliyethubutu kuingia pale na kabichi ni nani? Donat akatazama viatu vyake. Akanipa mkono. Akasema kabichi yenye mapaja ya mkate asingeifikiria hata kwa vyeti viwili. Ni mtu mzuri Donat, akishindwa.

Mimi baba wa ubatizo! Mimi!

Jambo moja la ajabu. Alasiri, siku ya mwisho ya vinyago, nilimwona bibi kizee mwenye kinyago akitoka kwa mlango wetu wa nyuma, anachechemea, amejifunga pazia la sebuleni kwetu, amebeba sufuria yetu ya supu ya kuku. Akaelekea kwa Bibi Philomène. Nilimwita hakugeuka. Nikakimbia kumwambia Bibi tumeibiwa, lakini chumbani hakuwepo. Nadhani alikuwa bafuni. Alirudi baada ya saa mbili, mashavu mekundu, akasema alikuwa amelala. Nikamweleza habari za mwizi. Akasema nisimfuate, atakuwa na njaa.

Jumapili, 28 Aprili

Tumebatiza!

Padre aliponiuliza kama namkataa shetani na hila zake zote, nilijibu namkataa, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Maji yakamwagwa. Célestin hakulia. Alikuwa amekamata kidole changu, kile kile, na safari hii alikuwa na haki nacho kwa maandishi. Wimbo uliofuata niliuimba nimeinama, nisikitoe.

Bibi Philomène alikaa benchi moja na bibi yangu. Sijui nani aliwapatanisha, hakuna anayeniambia mambo ya nyumba hii. Walibishana kuhusu petali mahubiri yote, wakanyamazishwa mara mbili.

Nje ya kanisa Lisette akaniambia mtoto amekua, sasa ni kofia zinazokataa, zinampanda kichwani zinaruka. Asihangaike! Nimeshateremka ghalani kuchagua kabichi ya ukubwa wa kichwa. Hii haihitaji miguu, nimehakikisha.

Kisha Bibi Philomène akanijia, akanishika mkono. Akaniuliza kama kwa bahati namjua yule mwenye kinyago wa siku ile, maana mwezi mzima anawaza na hajampata. Nilikaribia kupasuka! Nikamjibu kwamba simjui, lakini lazima ni mtu mwenye akili nyingi mno, labda wa kutoka mbali. Akasema akili hana hakika nayo, ila roho anayo. Akafungua mkoba wake akanipa kofia yangu ya sufu! Imefuliwa, imepigwa pasi, na jina langu limeshonwa upya pale lilipokuwa limefumuka.

Nikamuuliza ameipata wapi. Akasema, "Karibu na kabichi, mwanangu." Akaondoka akitikisa mabega.

Bustani yake bado iko chini ya theluji, kabichi ingetoka wapi? Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi, na nimepata jibu, na nimesimama nje ya nyumba nimevua kofia hiyo kwa heshima. Suête! Nilidhani upepo wetu unajua kukunja nepi tu. Kumbe siku hizi unafua, unapiga pasi, na unajua kusoma majina.